Mgonjwa Anapokaribia Kufa: Maswali ya Wanaomuuguza

Mbona hataki kula?

Hakuna swali linalozusha ugomvi kama hili. Shangazi kaleta uji, mgonjwa kafumba mdomo, lawama zinaanza: mnamuua kwa njaa! Sivyo. Saratani au maradhi ya moyo yakifika mwisho, mwili hauna tena kazi na chakula. Ukimlazimisha, atapaliwa, na uji unaweza kuingia mapafuni. Muinue kichwa, mpe kijiko kimoja au viwili vya anachokitamani. Akikataa, mlowanishe midomo kwa kitambaa safi chenye maji. Dripu nayo mara nyingi haimfai siku za mwisho. Maji huishia kujaa miguuni na kifuani. Daktari asiyeiweka hajamtelekeza mgonjwa wenu.

Tutajuaje kwamba saa imekaribia?

Hulala sana, na wengine hukata kauli kabisa. Mikono na miguu hupoa. Ngozi ya magoti na nyayo huweza kupata mabaka, ingawa kwenye ngozi nyeusi hayaonekani kirahisi, kwa hiyo mguse. Mkojo hupungua na kukoza rangi. Pumzi huenda mbio, husimama kidogo, kisha hurudi. Kinachowatoa watu chumbani ni mkoromo. Hayo ni mate tu ambayo hana nguvu ya kuyameza, na mara nyingi mwenyewe hana habari nayo. Mlaze ubavu. Si kila mtu hupitia haya yote.

Anatusikia?

Huenda anasikia, hata akiwa hajibu. Basi ugomvi wa shamba upelekwe nje. Mwislamu hulakiniwa shahada kwa upole, bila kumkariria mfululizo. Mkatoliki aitiwe padri wa kumpaka mafuta matakatifu mapema, angali na fahamu.

Mofini haitamuua?

Ikitolewa kwa kipimo sahihi, haimuui, inamwondolea maumivu. Ile ya maji hunywewa, kwa kawaida kila baada ya saa nne. Hufunga choo, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha. Uganda ilitangulia katika hili: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza mofini ya kunywa mpaka majumbani, na wauguzi waliosomea huduma ya kutuliza maumivu wakaruhusiwa kuiandika. Kenya, ipo Nairobi Hospice, iliyoanza 1990. Dar es Salaam, ulizeni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Huduma hii huitwa tiba shufaa. Wengi huikimbilia wiki ya mwisho, wakati ingeweza kuanza pamoja na matibabu mengine.

Wosia je?

Uandikwe akiwa na akili timamu, na anayerithi asiwe shahidi. Tanzania, RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandika na kutunza wosia. Kwa Mwislamu hauzidi theluthi ya mali, wala haumpi mrithi bila ridhaa ya warithi wenzake. Muulizeni pia anadai nani, anadaiwa na nani, na azikwe wapi. Maiti nyingi zimegombaniwa kwa sababu hilo la mwisho halikuulizwa.

Akifia nyumbani?

Hakuna haja ya kumkimbiza hospitali akiwa amekwisha kukata roho. Mfumbeni macho, mnyoosheni viungo, kisha mjulisheni mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Kenya, naibu wa chifu. Kifo kisajiliwe. Tanzania, muda uliowekwa ni siku 30, na bila cheti cha kifo benki haitawasikiliza.