MAZOEZI YA MWILI KWA MTOTO MWENYE ULEMAVU WA AKILI



Tarehe 20 Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na madarasa yote hayakurudi mpaka tarehe 10 Januari 2022. Mwisho wa Machi ule ule viwanda viliruhusiwa kuendelea kwa sharti wafanyakazi walale huko huko kazini. Basi mzazi alikaa kiwandani, na mtoto alibaki ndani ya muzigo, chumba kimoja, pamoja na bibi au dada yake.

Tarehe 8 Aprili ilikatazwa hata kukimbia njiani kwa mazoezi. Kesho yake Rais Museveni alionekana katika filamu fupi akikimbia ndani ya ofisi yake. Ofisi ile ni pana. Vyumba vyetu vya Namuwongo na Katwe vina kitanda, sigiri na ndoo.

Mtoto mwenye ulemavu wa akili aliumia zaidi. Mara nyingi shule ndiyo mahali pake pekee pa kucheza. Nyumbani hawezi kujipangia mchezo, wala haelewi kwa nini mlango umefungwa. Mwenye sindromu ya Down huzaliwa na misuli milegevu, na asipochezeshwa hunenepa upesi.

Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17, mwenye ulemavu au asiye nao, apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Si lazima ziwe za mfululizo. Dakika kumi asubuhi ni mwanzo mzuri.

Usimpe maelezo marefu. Fanya mwenyewe mbele yake, naye aige: kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta, kuruka papo hapo, kucheza muziki wa redio. Mpe jerikeni ndogo yenye maji kidogo aibebe kwa mkono, na maji yaongezwe polepole. Hesabu kwa sauti. Saa iwe ile ile na mpango ule ule kila siku, maana mabadiliko humsumbua. Mwenye Down asipige kichwangomba wala kubeba mzigo kichwani, kwani mifupa ya shingo yake huweza kuwa milegevu. Na moyo wake upimwe kwanza na daktari.

Wapo kati yetu waliomfungia mtoto ndani hata kabla ya korona, kwa kuona haya. Kwake yeye, kufunguliwa kwa nchi hakukuleta kitu.

Novemba 2022 shule zilifungwa tena wiki mbili kabla ya wakati, safari hii kwa Ebola. Kwa hiyo anayebaki na mtoto ukiwa zamu afundishwe mazoezi haya sasa, wakati bado unarudi nyumbani jioni.