Uliza Kuhusu Kuundwa Upya kwa Titi Kabla ya Upasuaji

Mama anapoambiwa kwamba titi lake litaondolewa kwa sababu ya saratani, hofu ya kubadilika umbo inaweza kumfanya aahirishe matibabu. Ugonjwa haungoji. Fahamu kwamba titi linaweza kuundwa upya, na wakati mzuri wa kuuliza ni kabla ya upasuaji.

Njia ni mbili. Daktari huweka mfuko wa silikoni kifuani, au huchukua ngozi na mafuta ya tumbo au mgongo wa mgonjwa mwenyewe. Hufanywa siku ileile titi linapoondolewa au baadaye, hata baada ya miaka. Anayehitaji tiba ya mionzi mara nyingi hushauriwa kusubiri, kwa kuwa mionzi huweza kuharibu titi jipya.

Kuunda titi upya hakurudishi saratani. Hata hivyo, hisia hupungua na titi hilo halinyonyeshi. Kisukari na uvutaji sigara huchelewesha kidonda kupona, kwa hivyo usimfiche daktari.

Si lazima kufanyiwa upasuaji huu. Yapo matiti ya bandia ya kuvaliwa ndani ya sidiria. Mjini Thika, wanawake waliougua saratani huyafuma kwa uzi.

Ukihudumiwa katika Hospitali ya Machakos Level 5, muulize daktari: Je, ninafaa? Lini? Nitahitaji rufaa hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta? Pia, uliza mapema SHA italipia nini.