SOMO LA AFYA: MMEA WA DAWA HUPIMWAJE MAABARA?

Jeraha linapotunga usaha, kaya nyingi hukimbilia kwanza kilicho karibu: utomvu wa mshubiri, majani ya mwarobaini au kitunguu saumu. Desturi hiyo ni ya kale na haistahili kubezwa. Hata hivyo, mwananchi anaposikia kwamba mmea fulani umethibitishwa na maabara kuua bakteria, ni vema afahamu ni jambo gani hasa lililothibitishwa.

Hatua ya kwanza ni kuutambua mmea. Jina moja la kienyeji huweza kubeba mimea miwili tofauti. Kwa hiyo tawi lenye majani na maua huhakikiwa na mtaalamu wa mimea. Kisha majani, magome au mizizi hukaushwa, husagwa na kulowekwa katika maji au spiriti. Namna ya kutayarisha hubadili matokeo. Kitunguu saumu ni mfano mzuri: alisini, kemikali yake inayozuia bakteria, haimo katika punje nzima, hutokea punje inapopondwa, na hupungua nguvu kwa moto.

Hatua ya pili hufanyika katika sahani ndogo yenye agari, yaani rojo iliyoganda itokanayo na mwani. Bakteria, kwa mfano wale wanaosababisha majipu, hupakwa juu yake. Kipande cha karatasi cha mviringo, chenye upana wa milimita 6, hulowekwa dawa na kuwekwa juu ya rojo. Sahani huachwa katika joto la takriban nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 24. Bakteria wakiota, rojo hufunikwa na utando. Dawa ikiwazuia, duara safi hubaki kuizunguka karatasi, na upana wake hupimwa kwa rula.

Karatasi hiyo haiwekwi peke yake. Ya pili huwa na antibayotiki inayojulikana, kwa ajili ya ulinganisho. Ya tatu huwa na spiriti tupu, kwa kuwa spiriti nayo huua bakteria, na mmea usije ukasifiwa kwa kazi isiyo yake.

Hatua ya tatu ni kuizimua dawa nusu kwa nusu, hadi kijulikane kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria.

Hapo safari imeanza, haijafika. Hata klorini ya kusafishia vyoo huacha duara safi, lakini hakuna anayeinywa. Katika sahani, dawa hugusana na bakteria moja kwa moja. Mwilini hupita tumboni na kwenye ini, na huenda isifike penye ugonjwa kwa kiwango cha kutosha. Aidha, usalama hupimwa kando. Mafuta ya mbegu za mwarobaini, kwa mfano, yameripotiwa kuwadhuru watoto wachanga walionyweshwa. Kwa sababu hiyo, baada ya sahani hufuata vipimo vya sumu, na hatimaye majaribio kwa wagonjwa chini ya uangalizi.

Nchini Tanzania, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua waganga wa tiba asili na kuunda Baraza linalowasajili. Utafiti wa mimea hiyo hufanywa pia na Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Muhimbili.

Wakazi wa kata zote wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Jeraha linalovimba na kuenea wekundu, au homa inayoambatana na jeraha, lipelekwe zahanati bila kusubiri dawa ya nyumbani ifanye kazi.

2. Mgonjwa anayetumia mitishamba amweleze mhudumu wa afya bila kuona haya, kwani baadhi ya mimea huingiliana na dawa za hospitali.

3. Antibayotiki aliyoandikiwa mgonjwa isikatishwe wala kubadilishwa na mitishamba kabla ya kumwona mhudumu.

4. Mtoto mchanga asinyweshwe dawa yoyote ya mitishamba.

Mmea uliopimwa vizuri ni hazina ya taifa. Mgonjwa aliyecheleweshwa kwa sababu ya duara la maabara ni hasara isiyofidiwa.