USIKU USIOKUCHA NA SAYARI ZIONEKANAZO ADHUHURI

Katika darsa yetu iliyopita ndugu mmoja alituuliza: Je, ni kweli kuwa ziko nchi huko kaskazini ambazo jua halichomozi kwa wiki nyingi? Na ikiwa ni kweli, Mwislamu aliyeko huko atasali vipi? Tumeona suala hili lastahiki jawabu, kwani wako wanaolidhania ni ngano, na wako wanaolifanya hoja ya kudai kuwa dini yetu ni ya nchi za jua tu.

Jambo hili ni kweli. Dunia yetu imeinama kwa kadiri ya daraja 23 na nusu katika kulizunguka jua. Kwa sababu hiyo, nchi zilizo mbali sana kaskazini hugeuziwa mgongo na jua katika majira ya baridi. Mji wa Tromsø katika Norwei hulikosa jua tangu mwisho wa Novemba hata kati ya Januari. Na Longyearbyen, ulio katika daraja 78, hulikosa tangu mwisho wa Oktoba hata kati ya Februari.

Tromsø wakati wa adhuhuri huwa na mwanga mfano wa kupambazuka, kwa kuwa jua halikuzama mbali. Ama Longyearbyen, mwisho wa Disemba, jua la adhuhuri liko kama daraja 12 chini ya upeo, na ikiwa hapana mawingu nyota huonekana saa sita ya mchana.

Huko nyota hazipandi wima na kutua kama zifanyavyo kwetu Mombasa. Huzunguka mbingu mfano wa ngamia azungukaye kinu cha mafuta. Na sayari zifuatazo njia ya jua, zikiwa upande ulioelekeana nalo, huweza kukaa siku nyingi bila ya kutua. Mushtari, Disemba 2024, ilikuwa hivyo: Longyearbyen ilipanda kama daraja 34 upande wa kusini, kisha ikashuka kama daraja 10 juu ya upeo wa kaskazini, wala haikuzama. Ama Zuhura haiepukani na jua zaidi ya daraja 47, na Utaridi zaidi ya 28. Kwa hivyo mara nyingi hufichwa pamoja nalo.

Atakaye kuipambanua sayari na aangalie mambo mawili. Kwanza, nyota humetameta, na sayari hutulia mwanga wake, ila ikiwa karibu na upeo. Pili, aitazame kwa usiku kadhaa: sayari huhama baina ya nyota, na nyota hazihamiani.

Elimu hii si ya ugeni kwetu. Manahodha wetu waliosafiri kwa pepo za kusi na kaskazi walizijua nyota kwa majina. Linalotusikitisha ni kuwa wengi wetu leo tunaijua Zuhali kwa kuiogopa nuhusi yake tu, na tunampa mpiga ramli fedha atuambie siku ya safari au ya harusi. Sayari ile ile inayodaiwa kumharibia mtu kazi yake huku, inazunguka juu ya kichwa cha mvuvi wa Norwei asiyeijua hata jina, naye anavua samaki wake. Hesabu ya nyota ni elimu. Kuzitabiria ni upuuzi na dhambi.

Ama Sala, haimwondokei mtu kwa kukosa jua. Masahaba walipoelezwa juu ya siku ya Dajjal iliyo kama mwaka, walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama Sala za siku moja zitatosha. Akawajibu kuwa hazitoshi, bali wakadirie. Katika hayo wanavyuoni wetu wa Kishafii wamechukua hukumu ya kukadiria kwa nchi iliyo karibu, ambayo nyakati zake zapambanuka. Na wako katika zama hizi walioruhusu kufuata nyakati za Makka.

Basi tazameni: hukumu ilitolewa Madina kwa watu wasioujua usiku wa namna hii, nayo yamtosheleza aliye katika ncha ya dunia. Na kukadiria hakuwi ila kwa hesabu. Mwenye kuwakataza watoto wake elimu ya mbingu kwa kudhani ni ya wageni, amewakataza chombo cha Sala yao. Wapandisheni darini usiku mmoja, muwaonyeshe Mushtari kwa kidole.

Wabillahi tawfiq.