Ghala la Panya Buku

SABATO ALASIRI

Fungu la Kukariri: Luka 12:15 (darasa lisome pamoja kutoka katika Biblia).

Mkulima wa Magoma, chini ya milima ya Usambara, hahitaji kuelezwa panya buku ni nani. Humjua kwa mashimo yake pembeni mwa shamba, kwa mihogo iliyofukuliwa usiku, na kwa mahindi yaliyotoweka bila kuacha hata gunzi. Ni panya mkubwa kuliko wote wanaoonekana vijijini. Uzito wake hufika kilo moja na zaidi, na mkia wake mrefu ni mweupe kuelekea nchani.

Jambo la ajabu zaidi kwa mnyama huyu ni tabia yake ya kukusanya. Hali chakula chote pale anapokipata, bali hukibeba mpaka shimoni na kukiweka akiba. Pamoja na chakula, huokota hata vitu asivyoweza kula.

Sulemani alimtuma mvivu kwa chungu ili ajifunze (Mithali 6:6–8). Somo la juma hili linamtazama panya buku, maana kwake kuna mafunzo ya aina mbili: la kuiga na la kuogopa. Swali linaloongoza juma zima ni hili: Kuna tofauti gani kati ya kuweka akiba kwa hekima na kujilimbikizia mali?

JUMAPILI: Mifuko ya Mashavuni

Mwumbaji alimpa panya buku mifuko miwili, mmoja katika kila shavu. Usiku anapotoka, hutegemea zaidi pua kuliko macho, kwa kuwa haoni vizuri. Akikuta mbegu, karanga au punje za mahindi, huzisukuma mashavuni moja baada ya nyingine hadi kichwa chake kivimbe na kuonekana kipana kuliko mwili. Kisha hurudi shimoni, humwaga mzigo, na kutoka tena. Shimo lenyewe lina vyumba: pa kulala, pa kuwekea chakula, na pa kujisaidia.

Soma Luka 12:13–21. Yule tajiri alizungumza na nani alipopata mavuno mengi? Hesabu mara ambazo anajitaja mwenyewe na vitu vyake.

Biblia hailaumu shamba lake kwa kuzaa sana, wala haisemi kwamba aliiba. Tatizo linaonekana katika mazungumzo yake. Alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe, na mpango wote ukaishia kwake mwenyewe. Vibarua waliovuna hawatajwi. Jirani hatajwi. Mungu aliyeleta mvua hatajwi. Mawazo yake yalikuwa kama shimo lenye mlango mmoja: kila kitu kinaingia, hakuna kinachotoka.

Panya buku hana hatia kwa kufanya hivyo, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Mwanadamu yeye ameumbwa kwa mfano wa Mungu anayetoa.

Mavuno ya mwisho yalipoingia nyumbani, ni nani alikuwa wa kwanza kufikiriwa?

JUMATATU: Vitu Vinavyong'aa

Waliochimbua mashimo ya panya buku wamekuta humo vitu vya kushangaza: sarafu, funguo, kalamu, vizibo vya soda na vipande vya chuma. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuliwa. Panya hatafungua mlango kwa ufunguo wala hatanunua kitu kwa sarafu. Hata hivyo, alitumia nguvu zake na kuhatarisha maisha yake usiku ili avifikishe chini ya ardhi.

Soma Yoshua 7:1–5, 19–21. Akani alificha nini, na alificha wapi?

Akani aliona vazi zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha, na kabari ya dhahabu ya shekeli 50. Maneno ya ungamo lake yanafuata hatua tatu: aliona, akatamani, akatwaa. Hatua ya nne ilikuwa kufukia. Fikiri jambo hili: vazi lililofukiwa chini ya hema halivaliki. Asingeweza kulionyesha kwa rafiki wala kutembea nalo njiani. Alichokuwa nacho hasa hakikuwa mali, bali siri. Na kabla siri hiyo haijajulikana, wanaume wapatao 36 wa Israeli walikuwa wameanguka mbele ya watu wa Ai.

Dhambi ya kujilimbikizia hudanganya kwamba ni jambo la mtu binafsi. Kisa cha Akani kinaonyesha kwamba kilichofichwa katika hema moja kinaweza kuumiza kambi nzima.

Je, kuna kitu nyumbani kinacholindwa kwa hofu, ambacho hakimfaidi mwenyewe wala mtu mwingine?

JUMANNE: Ghala la Yusufu

Mtu asije akasema kwamba kuweka akiba ni kukosa imani. Soma Mwanzo 41:33–36, 46–57.

Yusufu alikusanya sehemu ya tano ya mazao kwa miaka saba, akaweka chakula katika kila mji kutoka mashamba yaliyouzunguka. Nafaka ikawa nyingi kama mchanga wa bahari, hata wakaacha kuhesabu. Kwa kuangalia ghala peke yake, mtu asingeweza kumtofautisha Yusufu na yule tajiri wa Luka 12. Wote wawili walivuna sana, na wote wawili walihitaji nafasi kubwa zaidi.

Tofauti ilionekana njaa ilipokuja. Yusufu alifungua ghala zote. Aliweka akiba kwa sababu aliona mbele siku ya wengine ya kuhitaji.

Kwa hiyo mkulima anayekausha mahindi yake vizuri, anayeyakinga na dumuzi, anayetenga mbegu ya msimu ujao, ada ya shule na chakula cha familia, anafanya jambo la hekima. Zaka na sadaka anazozitenga kwanza humkumbusha kwamba ghala lina Mwenyewe. Huyo yuko pamoja na chungu na Yusufu. Asione haya.

Ni maswali gani mawili au matatu yanayoweza kumsaidia mtu kujua kama ghala lake ni la Yusufu au ni la yule tajiri?

JUMATANO: Nafaka Iliyozuiliwa

Soma Mithali 11:26. Watu humlaani nani, na baraka humwendea nani?

Fungu hili linagusa vijiji vya Usambara moja kwa moja. Baada ya mavuno bei ya mahindi hushuka, kisha hupanda polepole kadiri magunia yanavyopungua. Mwenye uwezo wa kungoja hupata faida. Asiye na uwezo huuza mapema kwa bei ndogo ili alipe deni, halafu miezi michache baadaye hununua mahindi yale yale kwa bei kubwa. Kungoja bei nzuri si dhambi. Lakini Sulemani anaonyesha kwamba inafika saa ambapo jirani ana njaa na ghala bado limefungwa. Saa hiyo, faida na laana hukaa katika gunia moja.

Wilaya ya Lushoto ina kumbukumbu nyingine inayohusu nafaka na panya. Mwaka 1980 ugonjwa wa tauni ulizuka huko, ukaendelea kurudi hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu zaidi ya 7,000 waliugua, na mamia walifariki. Ugonjwa huo hubebwa na viroboto wa panya. Chakula kinapowekwa darini au pembeni mwa kitanda, panya hufuata chakula, na viroboto hufuata panya. Si haki kusema kwamba waliougua walikuwa wabaya kuliko wengine. Yesu alikataza hukumu ya namna hiyo (Luka 13:1–5). Hata hivyo wataalamu wa afya walifundisha jambo linalofaa kukumbukwa: nafaka ikae mbali na mahali pa kulala, katika ghala lililoinuliwa, lenye kinga ya bati kwenye nguzo ili panya wasipande.

Utunzaji mwema wa mali ni pamoja na kutunza uhai. Akiba inayohatarisha watoto wa nyumba imeacha kuwa akiba.

ALHAMISI: Mbegu Zilizosahauliwa

Katika misitu ya Usambara Mashariki, karibu na Amani, kuna mti uitwao msambu. Matunda yake ni makubwa, na mbegu zake zina mafuta ambayo wanakijiji huyakamua au kuuza mbegu zenyewe. Tunda likianguka, panya buku huja. Baadhi ya mbegu hupelekwa shimoni. Nyingine huzifukia moja moja, hapa na pale, chini kidogo tu ya udongo na majani.

Zile zinazokaa ndani ya shimo refu haziwi miti. Zile zilizotawanywa, ambazo panya hakurudi kuzichukua, zina nafasi ya kuota. Hivyo mnyama anayejulikana kwa kulimbikiza huusaidia msitu kupitia kile alichokiachilia.

Soma Mithali 11:24, 25 na 2 Wakorintho 9:6–11. Ni kwa jinsi gani kutawanya kunaweza kuongeza?

Historia ya panya buku haikuishia msituni. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha wanyama hawa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa Kambodia mwaka 2016. Uzito wake mdogo haukutosha kulipua bomu. Kabla ya kustaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza. Pua ile ile inayotafuta karanga za kuficha ilitumika kuokoa watoto wanaopita njiani.

Mungu hakumwondolea Mathayo kalamu ya kuandikia kodi, wala hakumpokonya Zakayo uwezo wa kuhesabu. Alibadilisha anayetumikiwa.

Ni uwezo gani wa kutafuta mali alionao mtu ambao ungeweza kuwa baraka kwa kanisa na kijiji?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Katika majangwa ya Marekani kuna panya mwingine mkusanyaji. Hujenga kiota kwa vijiti, miiba ya dungusi, mifupa na chochote kinachong'aa. Akiwa amebeba kijiti na akakuta kijiko cha msafiri, hukiacha kijiti na kuchukua kijiko, kana kwamba amefanya biashara. Mkojo wake hugandisha rundo lote likawa gumu na lenye kung'aa, na hudumu vizazi vingi. Mwaka 1849 wasafiri waliokuwa wakienda California kutafuta dhahabu walikuta marundo kama hayo, wakadhani ni kitu kitamu, wakala, na wakaugua.

Tofauti na marundo hayo, hazina ambayo Yesu anaitaja katika Mathayo 6:19–21 haiharibiki, haiibiwi, wala haimdanganyi anayeionja.

Maswali ya Kujadili

1. Mama mjane anakuja kwa mshiriki wa kanisa kuomba debe mbili za mahindi. Atalipa akivuna. Mshiriki ana magunia kumi, lakini bei itapanda mwezi ujao na mwanawe anadaiwa ada. Afanye nini, na darasa lifanye nini ili mzigo usimwangukie peke yake?

2. Soma Kutoka 16:16–20. Kwa nini mana iliyobakizwa iliharibika, ilhali nafaka ya Yusufu ilidumu kwa miaka?

3. Je, kanisa mahalia linaweza kuwa na ghala la pamoja kwa ajili ya miezi ya uhaba? Nani alisimamie, na mlango wake ufunguliwe lini? Darasa liamue hatua moja ya kuanza nayo kabla ya Sabato ijayo.