Mbuzi mwenye mimba achanjwe lini?

Mbuzi wa mjini, hasa wale wanaoshinda barabarani karibu na Feri, hula wanachokipata: maganda ya matunda, mabaki ya ugali na chapati nje ya hoteli. Wakitafuta chakula hukanyaga misumari na mabati makuukuu. Maisha hayo huwaweka karibu na magonjwa mawili yanayoua haraka. Pepopunda huingia kupitia jeraha, na kwa mtoto wa mbuzi jeraha la kwanza ni kitovu. Sumu ya matumbo hutokea bakteria wanapozaana ghafla baada ya mnyama kula wanga mwingi au mtoto kunyonya kupita kiasi. Mara nyingi mwenyewe humkuta ameshakufa.

Yote mawili yana chanjo. Kinachowachanganya wafugaji ni wakati wa kuitoa.

Mwanamke humpa mtoto kinga akiwa bado tumboni. Mbuzi hawezi, kwa sababu kondo lake halipitishi kinga hiyo. Mtoto huipata kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Ndiyo sababu mama huchanjwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa, ili kinga iwe imejaa kwenye kiwele kwa wakati. Mimba huchukua siku 150 hivi: aliyepandwa mwanzoni mwa Januari huzaa mwishoni mwa Mei, kwa hiyo achanjwe mwishoni mwa Aprili. Ambaye hajawahi kuchanjwa huhitaji dozi mbili, hivyo aanze mapema zaidi.

Mtoto anyonye saa chache tu baada ya kuzaliwa. Siku moja ikipita, utumbo wake haupokei tena kinga hiyo. Anayekama dang'a na kuimwaga kwa kuiona chafu amemwaga chanjo aliyoilipia.

Si kila chanjo inamfaa mwenye mimba. Chanjo hai ya Homa ya Bonde la Ufa yaweza kumfanya atupe mimba. Daktari wa mifugo aambiwe hali yake kabla ya sindano, na mnyama ashikwe polepole bila kukimbizwa wala kubanwa tumbo.

Anayenunua chanjo mjini na kuvuka nayo kwenda Likoni akumbuke jua la foleni. Chupa ibebwe kwenye kasha lenye barafu, lakini isigande: chanjo ya pepopunda ikishaganda haifai tena.