Bwawa Jipya Lisipewe Vifaranga Siku Linapojaa

Masika yakipungua hapa Mwaya, kando ya Ziwa Nyasa, aliyechimba bwawa la perege hutamani kumwaga vifaranga siku ileile maji yanapojaa. Namsihi asubiri. Maji yanayong'aa hadi chini hayajawa maji ya kufugia. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huiongeza. Katika bwawa lililokomaa, vijimea vya kijani huifyonza, na bakteria walio kwenye tope huigeuza kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha, na baridi ya Juni na Julai huwachelewesha. Ukali wa amonia nao hufuata pH: kwenye nyuzi 26 hivi, maji yenye pH 7 huwa na sehemu ya sumu isiyofika asilimia 1, kwa pH 8 hukaribia asilimia 6, na kwa pH 9 karibu asilimia 40. Chokaa hupandisha pH, ndiyo maana bwawa lililotiwa chokaa jana ni hatari kwa vifaranga leo.

Wapo watakaosema kwamba samaki wa Ziwa Nyasa hawasubiri kitu. Ni kweli, lakini ziwa hili lina kina kinachofikia takriban mita 700, na uchafu wa samaki wake hutawanyika. Bwawa la mita za mraba 200 lenye kina cha mita 1 lina lita 200,000 tu, na kinachoingia humo hubaki humo. Wengine hutegemea mfereji wa mto upite bwawani mchana na usiku. Mfereji huo huondoa rutuba pamoja na ukijani, huleta tope, na hufungua njia ya samaki kutoroka. Hili la mwisho lanisumbua zaidi: sato anayefugwa mabwawani si wa ziwa hili, amekwisha kuonekana kwenye maji ya kaskazini mwake, na anaweza kuzaliana na perege wetu wa asili.

Kwamba kusubiri ni hasara, sikubali. Vifaranga waliokufa ndio hasara. Aliyekwisha kuwaagiza aanze na robo yao, awalishe pumba kidogo, awaongeze baada ya wiki kadhaa. Wakati huo samadi ikuze ukijani. Zamisha mkono hadi kiwikoni: kiganja kikianza kupotea machoni, rangi imetosha, kikipotea mapema zaidi, simamisha samadi, kwa sababu vijimea vikizidi humaliza oksijeni usiku. Samaki wakionekana alfajiri wakihema juu ya maji, usiwalishe siku hiyo. Hapo ndipo mfereji una kazi: ingiza maji mapya kupitia chujio la wavu mpaka washuke.